Shawa ikikupiga shoti, usivae ndara: ita fundi

Na DAKTARI WETU

MAMA mmoja wa miaka thelathini na kitu alikuja kliniki yangu Jumatatu moja asubuhi akilalamikia maumivu ya bega na mkono wa kulia. Alidhani amelala vibaya.

Nilipompima niliona alama mbili ndogo kwenye vidole vyake. Zilikuwa zimebonyea kidogo, rangi yake ya kijivu, na nilipozigusa hakusikia maumivu yoyote. Nilimwuliza kama alikuwa ameshika waya wa stima. Akacheka.

"Si waya, daktari. Ni shawa yetu. Huwa inapiga kidogo ukigusa mfereji. Sisi tumeshaizoea, tunaoga na ndara."

Jumamosi jioni aliingia kuoga bila ndara kwa sababu mtoto alikuwa ametoka nazo nje. Aliposhika mfereji ili afunge maji, mkono ulikaza ukakataa kuachilia. Alijaribu kupiga kelele lakini sauti haikutoka. Kilichomwokoa ni kuteleza: alianguka, na uzito wa mwili wake ukaung'oa mkono kwenye chuma.

Mama huyo alipona. Miaka michache kabla yake, nilikuwa zamu Jumapili asubuhi majirani walipomleta kijana mmoja akiwa amefungwa taulo, mwili ungali na povu la sabuni. Alikuwa ameshakata roho. Nilipouliza kilichotokea, mmoja wao aliniambia kwamba marehemu alikuwa akisema siku nyingi kuwa shawa yake "ina kishoti kidogo tu".

Mpenzi msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya hicho kishoti kidogo. Katika mitaa yetu ya mijini, kuoga na ndara kwa ajili ya kuogopa shawa kumekuwa jambo la kawaida hata watu hufanyia mzaha. Mimi kama daktari naona kishoti hicho ni dalili ya ugonjwa wa nyumba, na ugonjwa huo una tiba inayojulikana.

KWA NINI BAFUNI NI HATARI

Umeme unaoingia majumbani mwetu nchini Kenya ni wa volti 240. Lakini kinachoua si volti peke yake. Kinachoua ni kiasi cha umeme kinachopita mwilini, njia kinayopitia, na muda kinaokaa.

Kiasi hicho hupimwa kwa miliampea, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea. Ukipitiwa na miliampea moja hivi, utasikia mtekenyo. Ukifika kumi au zaidi, misuli ya mkono hukaza na hutaweza kuachilia ulichoshika. Mhandisi Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley aliwapima watu waliojitolea, akapata kwamba wanaume kwa wastani hushindwa kuachilia umeme ukizidi miliampea 16, na wanawake miliampea 10 na nusu.

Ukipita miliampea 30 kifuani kwa muda, pumzi hubanwa na moyo huingia hatarini. Kati ya 50 na 100, moyo unaweza kuacha kupiga kwa mpango wake na kuanza kutetemeka ovyo. Moyo unaotetemeka hausukumi damu. Mtu huzimia kwa sekunde chache, na asiposaidiwa, ubongo huanza kufa baada ya dakika nne au tano.

Ili uone jinsi kiasi hiki kilivyo kidogo, chukua ile balbu ya zamani ya wati 60. Inapowaka hupitisha miliampea 250. Umeme unaotosha kuwasha balbu moja unatosha kumwua mtu, na ziada ikabaki.

Sasa tazama ngozi yako. Ikiwa kavu, huuzuia umeme kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana watu wengi wamewahi kupigwa na stima jikoni au sebuleni wakaponea. Ngozi iliyolowa na kupakwa sabuni hupoteza karibu kinga hiyo yote. Ongeza miguu isiyo na viatu juu ya sakafu ya saruji yenye maji, na mkono ulioshika mfereji wa chuma. Umeme umepata njia nyoofu kutoka mkononi, kupitia kifuani, hadi miguuni. Katikati ya njia hiyo pana moyo.

WAYA WA TATU

Shawa hizi za kupasha maji papo hapo ni kifaa kizuri. Hazihitaji tangi wala jiko, na hula stima pale tu unapooga. Lakini ndani ya nyingi kati yake, koili inayopasha maji haikufunikwa. Maji yanayokuja kichwani mwako yamepita yakiigusa koili hiyo yenye umeme.

Je, mbona si kila mtu hupigwa? Jibu ni waya wa tatu.

Ukitazama shawa ikiwa mpya dukani, utaona nyaya tatu zikitoka. Mmoja huleta umeme, na mafundi huuita waya wa moto. Wa pili huurudisha. Wa tatu, wenye rangi ya kijani au kijani na manjano, ni waya wa ardhini. Huu haupashi maji wala hauwashi kitu. Ukiukata, shawa itafanya kazi vilevile, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kazi ya waya huu ni kuupa umeme uliopotea njia nyepesi kuliko mwili wako. Ndani ya shawa ncha yake hugusana na maji, na nje hufuatana na zile nyaya nyingine hadi kwenye kisanduku cha stima, kisha hadi kwenye chuma kirefu kilichopigiliwa ardhini karibu na mita. Umeme ukivuja ndani ya maji, hushuka kupitia waya huo kabla haujakufikia. Koili ikikatika na kugusa chuma, umeme mwingi hupita hapo kwa ghafla na swichi ya usalama kwenye kisanduku hujikata.

Waya huu usipokuwapo, umeme uliovuja hukaa hapo ukisubiri. Husubiri mtu mwenye miguu mitupu aguse mfereji.

Mambo ni mabaya zaidi kwa wanaotumia maji ya kisima cha kuchimbwa kwa mashine, kama wengi wanavyofanya Kitengela, Syokimau na Ongata Rongai. Maji hayo mara nyingi yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji ya mvua. Pia hula koili haraka. Ziko shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa ndani ya bomba la chuma. Unaponunua, mweleze mwuza duka maji yako yanatoka wapi. Hata hiyo iliyofunikwa inahitaji waya wa ardhini.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sitaki msomaji afikiri nawahubiria wengine. Nilipohamia nyumba ya kupanga miaka kadhaa iliyopita, nilimwita fundi aniwekee shawa. Kila alipoiwasha, swichi kwenye kisanduku ilijikata. Alijaribu mara tatu, akapanda kiti, akafanya jambo fulani, na shawa ikawaka. Nilimlipa nikamshukuru.

Baada ya miezi miwili nilianza kusikia mtekenyo kila nikigusa mfereji. Nilifanya nini, mimi niliyesoma udaktari? Nilinunua ndara.

Niliendelea hivyo karibu mwaka mzima, mpaka siku ile niliyompima mama niliyemtaja mwanzoni. Jioni hiyo nilimwita fundi mwingine, mwenye leseni. Alifungua shawa akanionyesha waya wa kijani ukiwa umekatwa na kuzungushiwa utepe mweusi. Fundi wa kwanza aliona kwamba waya ule ndio "unaosumbua swichi", akauondoa. Kumbe swichi ilikuwa ikisema ukweli: koili ilikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Ni sawa na mgonjwa mwenye homa kuvunja kipimajoto ili apone. Kifaa kinachojikata kila mara kinaeleza kwamba umeme unavuja au kwamba nyaya zimezidiwa. Kinachotakiwa ni kutafuta kasoro, si kukinyamazisha.

Kuhusu ndara, nasema wazi: si kinga. Zikilowa, zikichakaa au zikitoboka, hazizuii kitu. Na hata zikiwa nzima, mkono mmoja ukigusa mfereji na mwingine ukuta uliolowa, umeme hupita kutoka mkono hadi mkono, kifuani, bila kuhitaji miguu yako.

FYUZI HAIKULINDI WEWE

Wengi hudhani kwamba maadamu nyumba ina fyuzi au swichi za kujikata, wako salama. Sivyo. Fyuzi ya plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Moyo unaweza kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya ampea moja. Fyuzi huzuia nyaya zisishike moto. Haina habari na wewe.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine. Huwekwa kwenye kisanduku hicho hicho, na kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Vikitofautiana kwa miliampea 30, maana yake kuna mahali unapovujia, pengine mwilini mwa mtu, na kifaa hukata umeme kwa chini ya theluthi moja ya sekunde. Utakitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Yule Dalziel niliyemtaja ni miongoni mwa waliokibuni, mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya kujua ni umeme kiasi gani unaoua.

Kama nyumba yako ina kifaa hiki, bonyeza kitufe hicho angalau kila baada ya miezi mitatu. Stima ikizimika, kifaa ni kizima, kirudishe. Isipozimika, ita fundi. Na kama hakipo kabisa, hiki ndicho kitu cha kwanza cha kumwomba mwenye nyumba.

Kifaa hiki na waya wa ardhini hufanya kazi pamoja. Kimoja hakiwi badala ya kingine.

MAMBO YA KUCHUNGUZA

Usifungue shawa wala soketi wewe mwenyewe. Lakini yapo mengi unayoweza kuyaona kwa macho na kuyauliza kwa mdomo:

1. Je, unasikia mtekenyo wowote ukigusa mfereji, bomba au maji yenyewe? Kama jibu ni ndiyo, zima swichi ya shawa leo na uoge kwa beseni mpaka fundi aje. Usiseme "mpaka mwisho wa mwezi".

2. Je, swichi ya shawa iko wapi? Inafaa iwe nje ya bafu, mahali ambapo anayeoga hawezi kuifikia kwa mkono uliolowa. Iwe ni swichi inayokata nyaya zote mbili, ule wa moto na ule wa kurudisha.

3. Je, shawa imeunganishwa na waya wake yenyewe kutoka kwenye kisanduku? Shawa ya wati 5,500 hula ampea 23 hivi, karibu mara tatu ya birika la stima la wati 2,000. Ikiunganishwa na waya mwembamba wa taa, waya huchemka ndani ya ukuta na unaweza kuwasha nyumba. Mafundi waliohitimu kwa kawaida huiwekea waya wa milimita 6 mraba na swichi yake pekee kwenye kisanduku.

4. Je, kuna waya wa kijani unaoning'inia, uliokatwa au uliofungwa kwenye bomba la maji? Zamani mabomba yalikuwa ya chuma na baadhi ya mafundi waliyategemea. Siku hizi mengi ni ya plastiki, na waya uliofungwa kwenye plastiki haufiki popote.

5. Je, fundi alipima? Fundi mwenye ujuzi hatoki kabla ya kupima kwa mashine kama waya wa ardhini unafika kweli ardhini. Mwombe akuonyeshe. Rangi ya waya peke yake haithibitishi kitu; nimeona waya wa kijani ulioishia ndani ya ukuta.

6. Je, fundi ana leseni? Kwa sheria ya kawi ya mwaka wa 2019, mafundi wa stima hupewa leseni na Halmashauri ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mwulize akuonyeshe leseni yake, wala usione haya. Mimi mwenyewe mgonjwa akiniuliza cheti changu, nitamwonyesha.

Wapangaji wengi huniambia kwamba mwenye nyumba hataki kusikia. Mwandikieni barua mkiwa wengi, mweke nakala. Mwelezeni kwamba waya wa mita chache na kazi ya siku moja haifikii gharama ya usiku mmoja katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali ya kibinafsi. Nanyi wenye nyumba mnaosoma ukurasa huu, mpangaji aliyeuawa na shawa yenu hatawalipa kodi, na familia yake haitawasahau.

MTU AKIPIGWA NA STIMA

Jambo la kwanza ni gumu kuliko yote: usimguse. Nimewahi kuwaona ndugu wawili wakiletwa pamoja, kwa sababu wa pili alikimbia kumvuta wa kwanza.

Zima stima. Anza na swichi ya shawa iliyo nje ya mlango, au swichi kuu kwenye kisanduku. Kila mtu nyumbani, pamoja na yaya na watoto wakubwa, ajue ilipo na namna ya kuizima.

Kama hakuna njia ya kuzima, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama kreti ya plastiki, na umsukume mbali kwa mpini mkavu wa ufagio. Usitumie chuma wala kitu kilicholowa. Usiingie kwenye maji.

Umeme ukishakatika, mguse sasa. Mwite kwa jina na utazame kifua. Kama haitiki na hapumui sawasawa, mtume mtu apige simu 999 au 112 na atafute gari, nawe uanze kumkanda moyo papo hapo.

Mlaze chali sakafuni. Weka kiganja katikati ya kifua chake na kingine juu yake, nyoosha mikono, kisha ubonyeze kwa nguvu kifua kishuke sentimita tano au sita. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukiwa umefundishwa, mpe pumzi mbili kila baada ya kubonyeza mara 30. Kama hujafundishwa, bonyeza tu bila kuacha. Mkichoka, pokezaneni. Usiogope kumwumiza, mbavu iliyovunjika hupona.

Na hapa pana jambo la kukumbuka. Elimu hii ya kuukanda moyo kwa nje ilitokana na ajali za stima. William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alianza kuchunguza jinsi umeme unavyosimamisha moyo kwa sababu mafundi wa kampuni za stima walikuwa wakifa kazini. Mwaka wa 1960, yeye na wenzake James Jude na Guy Knickerbocker walitangaza kwamba moyo uliosimama unaweza kusukumwa kwa mikono miwili tu, bila kupasua kifua. Aliyepigwa na stima mara nyingi ni mtu mwenye moyo mzima uliovurugwa kwa ghafla. Ndiyo maana ni vibaya sana kumkatia tamaa mapema.

Usimpe maziwa, usimmwagie mchanga, usimpake chochote. Mahali palipoungua, pamwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, stima ikiwa imeshakatika, kisha ufunike kwa kitambaa safi.

AENDE HOSPITALI HATA AKIJIONA MZIMA?

Mtu aliyesikia mtekenyo wa sekunde moja, mkono mkavu, na hana dalili yoyote, kwa kawaida hapati madhara. Lakini aende hospitali bila kuchelewa kama alizimia hata kidogo, kama moyo unapiga ovyo, kama anaumwa kifua au anakosa pumzi, kama ana alama ya kuungua, kama mkono ulishindwa kuachilia, au kama alikuwa amelowa maji. Watoto wote waende. Mama mjamzito aende hata kama hana dalili yoyote, ili mtoto aliye tumboni apimwe.

Hospitalini tutapima mapigo ya moyo kwa mashine ya ECG. Tutatazama pia mkojo. Kidonda cha stima hudanganya: juu ya ngozi ni alama kama punje ya mahindi, kumbe ndani umeme umechoma misuli njia nzima. Misuli iliyoungua huachilia sumu inayoziba figo, na mkojo hugeuka rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Mgonjwa akiwahi, maji ya mishipani huweza kuziokoa figo hizo.

Yule mama wa Jumatatu alipimwa moyo, ukawa sawa. Bega lake lilikuwa limechanika misuli kwa jinsi mkono ulivyokaza. Alipokuja mara ya pili, nilimwuliza kwanza juu ya shawa kabla ya kumwuliza juu ya bega.

"Tuliita fundi," akasema. "Hakukuwa na waya wa tatu hata kidogo. Tangu nyumba ijengwe."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi utakapoingia bafuni, kumbuka mtekenyo ule uliouzoea. Toka nje, zima swichi, na umpigie fundi simu.